Nyumba ya vipepeo wa kitropiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa misimu kadhaa nimejitolea kuongoza wageni kwenye nyumba ya vipepeo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kujibu maswali. Mengi huulizwa mlangoni, watu wakiwa bado wanavua makoti. Mengine huja baadaye, mtu akiwa ameinama juu ya jani na sauti yake imeshuka bila kuambiwa. Nimeyajibu hapa kama ninavyowajibu wageni wangu. Kila nyumba ina kanuni zake, kwa hiyo ukikuta tangazo mlangoni linalosema tofauti na mimi, fuata tangazo.

Nyumba ya vipepeo ni kitu gani hasa? Ina tofauti gani na makumbusho?

Kwenye makumbusho utawakuta vipepeo wamekufa, wamechomwa pini na kupangwa ndani ya sanduku la kioo. Kwenye nyumba ya vipepeo wewe ndiye unayeingia ndani ya kioo, na wao wako hai: wanaruka juu ya kichwa chako, wanakula, wanapandana, wanalala. Jengo huwa la vioo au la plastiki inayopitisha mwanga, limejaa mimea ya nchi za joto, na mara nyingi kuna kidimbwi au maji yanayotiririka mahali fulani.

Si jambo la zamani sana. Nyumba za namna hii zilianza kufunguliwa kwa umma miaka ya 1970 katika kisiwa cha Guernsey. London ikapata ya kwake huko Syon Park mwaka 1981, Penang nchini Malaysia mwaka 1986, na Coconut Creek kule Florida, Marekani, mwaka 1988. Siku hizi zimeenea karibu kila bara. Uwanja wa ndege wa Changi, Singapore, una bustani ya vipepeo ndani ya jengo la abiria tangu 2008.

Kwa nini ndani kuna joto na fukuto hivyo?

Kwa sababu kipepeo hategemei joto la mwili wake kama sisi. Mwili wake hufuata joto la hewa na la jua. Misuli ya kurukia, iliyo kifuani, hufanya kazi vizuri ikifikia takriban nyuzi 30 za Selsiasi. Ikiwa baridi, kipepeo hawezi kuruka hata ukimfukuza. Ndiyo maana asubuhi utawaona wametandaza mabawa juu ya majani yanayopigwa na jua, au wanayatetemesha bila kwenda popote. Wanapasha misuli moto.

Nyumba nyingi huwa na joto la kati ya nyuzi 25 na 29, na unyevu hewani wa asilimia 70 hadi 80. Unyevu una kazi yake. Kipepeo anapotoka kwenye pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, mabawa yake huwa yamekunjamana kama kitambaa kilichofinyangwa mkononi. Hewa ikiwa kavu mno, yanaweza kukakamaa kabla hayajanyooka, na kipepeo wa namna hiyo hataruka maisha yake yote. Ukihisi shati linagandia mgongoni, jua kwamba hewa hiyo imepimwa kwa ajili ya yule anayenyoosha mabawa saa hiyo.

Nivae nini, na nisipake nini?

Nguo nyepesi. Ikiwa nje kuna baridi, vaa nguo ya juu unayoweza kuivua mlangoni, maana hutastahimili koti kwa dakika kumi. Viatu visivyoteleza, kwa kuwa njia humwagiliwa maji. Ukitaka kuongeza nafasi ya kutuliwa, vaa rangi kali: nyekundu, njano, rangi ya chungwa. Wapo wanaosogea kuchunguza kama wewe ni ua.

La kupaka ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Usijipulizie dawa ya kufukuza mbu kabla ya kuingia. Kipepeo ni mdudu kama mbu alivyo mdudu, na dawa iliyo kwenye ngozi au nguo yako inaweza kumdhuru anapotua. Hata akiionja kwa miguu tu, ameigusa. Ukiwa umeshajipaka, nawa mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni na useme ukweli mlangoni. Hatukugombezi. Pafyumu kali nayo iache nyumbani ukiweza.

Saa ngapi ni nzuri kwenda?

Ukitaka kuwaona wakiruka kwa wingi, nenda siku ya jua, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Siku ya mawingu mazito wengi hujificha chini ya majani, na mgeni asiyejua huondoka akisema nyumba haina vipepeo. Inama, geuza macho, tazama upande wa chini wa majani, utawakuta wananing'inia safu kwa safu.

Anayependa kupiga picha afike mlango unapofunguliwa tu, wakati wengi bado wanaota jua na hawana haraka.

Jioni ina raha yake, na ni wachache wanaoijua. Vipepeo wa jamii ya Heliconius, wale weusi wembamba wenye mistari myekundu au myeupe, hukusanyika kulala pamoja kwenye kitawi kimoja, na kesho yake hurudi palepale. Saa hizohizo kipepeo bundi, ambaye mchana kutwa alikuwa amejibanza kwenye shina, huanza kuruka kwa mapigo mazito kama kipande cha gome kilichopata uhai.

Nitahitaji muda gani?

Wengi hukaa nusu saa hadi saa moja. Ushauri wangu ni kuzunguka mara moja kwa mwendo wa kawaida, kisha kutafuta benchi karibu na sahani ya matunda na kukaa tuli dakika kumi. Ninasema tuli. Vipepeo wanaona mtikisiko kuliko wanavyoona umbo, na mtu asiyetikisika kwao ni sehemu ya bustani. Nimeona watu wakizunguka mara tatu wakiwakimbiza kwa simu wasipate hata mmoja, na bibi aliyekaa kwenye benchi wakati wote huo akiwa na watatu kwenye kilemba.

Naruhusiwa kuwagusa?

Hapana, na sababu yake inapendeza kuijua.

Bawa la kipepeo kwa asili ni utando mwepesi unaopenyeza mwanga. Rangi yote unayoiona iko kwenye magamba madogo mno, maelfu kwa maelfu, yaliyopangwa kwa kulaliana kama vigae vya paa. Ule "unga" unaobaki kwenye vidole vya mtu aliyemshika kipepeo ni magamba hayo, na hayaoti tena. Si kweli kwamba kipepeo akipoteza unga kidogo hufa papo hapo. Porini hupoteza mengi kwa kukwaruzana na majani. Lakini kidole cha binadamu ni kizito, na kati ya magamba kuna mishipa inayoshikilia bawa lote. Ikivunjika, haiungwi.

Ukitaka kuona bawa lenye magamba machache mno, mtafute kipepeo wa kioo, Greta oto wa Amerika ya Kati. Sehemu kubwa ya bawa lake iko wazi, unaona ua lililo nyuma yake. Hayo ndiyo mabawa ya vipepeo wote yangekuwa, kama si magamba.

Je, akinitua yeye mwenyewe?

Hiyo ni ruhusa aliyokupa yeye. Simama hapo hapo, usimpulizie, usimfunike kwa kiganja.

Kuna asubuhi moja mtoto wa kama miaka saba alitoka jasho viganja kwa hofu na furaha pamoja. Kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa akatua kwenye kifundo cha mkono wake. Tuliinama wote wawili. Mrija wa kunyonyea, ambao huwa umejiviringa chini ya kichwa kama nywele iliyozungushwa kwenye kidole, ukanyooka polepole, ukaanza kugusagusa ngozi: hapa, hapa, tena hapa. "Anafanya nini?" akanong'ona. Nikamwambia anakunywa chumvi yako. Mbochi, yaani maji matamu ya maua, ina sukari tele lakini haina sodiamu ya kutosha, na vipepeo, hasa madume, huitafuta kwenye matope, kwenye mkojo wa wanyama na kwenye jasho. Yule mtoto hakusogeza mkono kwa dakika nne nzima. Baba yake aliniambia hajawahi kumwona ametulia hivyo hata usingizini.

Ukihitaji kwenda na yeye hataki kuondoka, sogeza mkono wako taratibu mpaka uguse jani au ua mbele yake. Mara nyingi atapanda mwenyewe.

Wanauma?

Hawana cha kukuuma nacho. Mdomo wao ni mrija tu.

Yule wa bluu ng'aavu wa kwenye matangazo yuko wapi? Nimezunguka sijamwona.

Umemwona, labda mara kumi. Ni morpho wa bluu kutoka misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, na bluu yake iko upande wa juu wa mabawa peke yake. Upande wa chini ni kahawia wenye madoa ya duara kama macho, na akitua hufunga mabawa. Kwa hiyo yule wa kahawia anayenyonya ndizi mbele yako, asiyetazamwa na yeyote, huenda ndiye.

Bluu hiyo haitokani na rangi ya kupaka. Hakuna rangi ya bluu ndani ya bawa. Magamba yake yana vijumba vya tabaka tabaka, vyembamba mno, ambavyo hurudisha mwanga wa bluu na kuuzima mwingine. Ndiyo maana ukimtazama akipita, bluu inawaka na kuzimika kila anapopiga bawa: juu, bluu, chini, kahawia. Ndege anayemfukuza humwona na kumpoteza, humwona na kumpoteza. Usimfuate. Morpho hupenda kupita njia ileile, basi simama kwenye uwazi wa njia ya wageni ungoje. Atarudi.

Kuna mmoja mkubwa kama sahani, ametandaza mabawa ukutani tangu nilipoingia. Amekufa?

Yu hai. Huyo ni nondo atlasi, Attacus atlas, wa Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, na mabawa yake yanaweza kufikia sentimita 25 kutoka ncha hadi ncha. Mtazame pembeni mwa ncha za mabawa ya mbele: utaona umbo kama kichwa cha nyoka kilichogeukia upande.

Hasogei kwa sababu hana nguvu za kupoteza. Hana mdomo wa kulia. Chakula chote alichowahi kula alikila akiwa kiwavi, na sasa anaishi kwa akiba ya mwilini, kwa siku chache, wiki moja au zaidi kidogo. Jike hukaa mahali pamoja akitoa harufu ambayo sisi hatuisikii. Dume huipokea kwa vipapasio vyake vipana vyenye umbo la unyoya na kuifuata usiku. Wageni wakiniuliza kiumbe gani cha kukitazama kwa heshima humu ndani, ninawaonyesha huyu.

Na kwa waulizao tofauti ya nondo na kipepeo, tazama vipapasio. Vya kipepeo ni vyembamba na vina kifundo nchani, kama njiti ya kiberiti. Vya nondo huwa kama unyoya au kama uzi tu.

Wanakula nini?

Kuna wa maua na kuna wa matunda, na ukijua hili utajua pa kusimama. Wale wa jamii ya Papilio, wenye mikia nyuma ya mabawa, huenda kwenye maua, tena hupepesa mabawa muda wote wanaokunywa, hivyo picha zao hutoka na ukungu. Morpho, kipepeo bundi na Charaxes wa Afrika hupenda matunda yaliyoiva kupita kiasi: ndizi zilizokuwa nyeusi, maembe yaliyoanza kuchacha, mananasi. Hatukusahau kusafisha zile sahani. Tunaziacha zichache makusudi.

Kipepeo huonja kwa miguu. Anapotua kwenye kipande cha chungwa, ni nyayo zinazompa habari kwanza, ndipo mrija unyooke. Hapo ndipo pia pa kuhesabu miguu yake. Wadudu wana sita, lakini wengi wa hawa utahesabu minne, kwa kuwa miwili ya mbele imesinyaa na kubanwa kifuani.

Heliconius wana mbinu ya peke yao. Hukusanya chavua kwenye mrija, huilowesha kwa mate, na kunyonya protini inayotoka. Tazama mrija wa mmoja wao: ukiona donge la njano limeganda karibu na kichwa, ndiyo hiyo. Mlo huo ndio sababu huweza kuishi miezi, hadi karibu sita, wakati wenzao huishi wiki mbili tatu.

Wanatoka wapi? Mnawakamata porini?

Wengi hufugwa. Wafugaji wa Costa Rica, Ufilipino, Kenya na kwingineko hulea viwavi kwenye mimea wanayoila, na wanapogeuka pupa huwafunga kwenye pamba laini ndani ya maboksi na kuwasafirisha kwa ndege. Ni kazi ya mbio. Pupa wa aina nyingi hukaa wiki moja au mbili tu kabla ya kipepeo kutoka, na boksi likichelewa njiani, hutokea gizani na mabawa hayana nafasi ya kunyooka.

Mfano ninaoupenda kuusimulia ni mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Watu wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi. Mbegu ya ufugaji iko msituni, kwa hiyo msitu ukikatwa na kipato kinakatika. Ukimwona Papilio au Charaxes wa Kiafrika katika nyumba ya vipepeo iliyo mbali na Afrika, huenda alianza maisha kwenye kibanda cha wavu cha mkulima wa huko.

Pupa wakifika hutundikwa kwenye kabati la kioo. Usipite pale haraka. Wengi hutoka asubuhi. Kwanza ganda huwa jepesi na unaona rangi ya bawa kwa ndani. Kisha linapasuka upande wa kichwa, miguu inashika, na kiumbe chenye tumbo nene na mabawa madogo mno kinajivuta nje na kuning'inia. Anasukuma majimaji ya mwili ndani ya mishipa ya mabawa, nayo yananyooka mbele ya macho yako kwa robo saa hivi. Wakati huohuo anaviringa na kuviringua mrija. Unakuja katika vipande viwili na anaviunganisha viwe kimoja. Asipoviunganisha, hataweza kula. Mwishoni hudondosha matone mekundu au ya kahawia. Si damu, hajaumia. Ni uchafu uliobaki tangu alipokuwa ndani ya ganda.

Mbona hakuna viwavi?

Kwa kawaida tunaepuka kupanda mimea ambayo majike hutagia mayai. Kila aina ina mmea wake, na kiwavi mmoja anaweza kumaliza kichaka. Nchini Marekani, kwa mfano, nyumba huhitaji kibali cha serikali kuu kuleta aina za kigeni, na kuzaliana ovyo hakutakiwi, wasije wakatoroka na kuwa wadudu waharibifu mashambani. Nyumba nyingine huwa na chumba maalumu cha kuonyesha viwavi. Uliza mlangoni.

Je, si ukatili kuwafungia?

Ni swali la haki na halinichukizi. Jibu langu ni kwamba inategemea nyumba. Kipepeo aliyefugwa tangu yai, akapewa joto, chakula, nafasi ya kuruka na ya kupandana, na asiwe na mjusi wa kumdaka, anaishi siku zake zote kama kipepeo. Kinachonisumbua ni msongamano, vioo visivyo na kivuli ambavyo huwapiga joto kali, na wageni wanaoachwa wawadake. Ukitaka kupima nyumba, tazama madirisha: ukiona wengi wanapigapiga vioo na wachache kwenye mimea, mahali hapo hapajapangwa vizuri. Waulize pia pupa wao wananunuliwa wapi. Nyumba nzuri itakujibu kwa jina la nchi na la mfugaji bila kusita.

Huyu mabawa yake yamechanika. Anaumia?

Huyo ni mzee. Sehemu kubwa ya bawa lililokamilika ni tishu iliyokauka, na mchaniko hauambatani na maumivu kama ya kidonda chetu. Ataendelea kuruka hata akiwa amepoteza kipande kikubwa. Wengi huishi wiki mbili au tatu tu wakiwa na mabawa, kwa hiyo anayeonekana chakavu leo alitoka kwenye kabati lile siku chache zilizopita. Mimi huwapenda hawa zaidi ya wapya.

Nimemkuta kipepeo ameanguka njiani. Nimwokote?

Usimwokote. Simama mbele yake ili asikanyagwe na umwite mhudumu. Tunajua namna ya kumpandisha kwenye kipande cha karatasi na kumweka karibu na maji ya sukari. Kila unapopiga hatua humo ndani, tazama chini kwanza. Baadhi huja kwenye njia kunywa maji ya umwagiliaji, na rangi zao wakiwa wamefunga mabawa ni kama za jiwe.

Wawili wameshikana kwa mikia, wamekwama?

Wanapandana. Huweza kuchukua saa kadhaa, na mmoja huweza kuruka akimbeba mwenzake. Usiwatenganishe.

Naweza kupiga picha?

Ndiyo, kwa kawaida. Tatizo kubwa ni ukungu kwenye lenzi. Kamera iliyotoka kwenye baridi ikikutana na hewa ya humu hulowa papo hapo, na ukiifuta inalowa tena. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa robo saa, ipashe joto taratibu. Simu hupona haraka zaidi. Zima mwanga wa kamera: unafuta rangi za mabawa na unawashtua. Sogea ukiwa umeinama, uangalie kivuli chako kisimpite, maana kivuli kikimfunika ghafla anajua ni ndege. Vigoda vya miguu mitatu vya kamera vinakatazwa sehemu nyingi kwa sababu njia ni nyembamba.

Watoto wadogo, wazee, viti vya magurudumu?

Njia nyingi ni tambarare na viti vya magurudumu hupita. Vigari vya watoto huachwa nje katika baadhi ya nyumba, kwani vipepeo hutua kwenye magurudumu. Mwenye pumu au matatizo ya moyo asikae muda mrefu bila kutoka kupumua hewa ya kawaida, na aje na dawa yake. Kunywa maji kabla ya kuingia. Wavaa miwani, ngojeni dakika mbili pale mlangoni, ukungu utaondoka wenyewe.

Mwambie mtoto mapema kwamba vitu vitapita karibu na uso wake. Wapo watoto, na watu wazima pia, wanaoogopa kweli kitu kinachopepea, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Waanze kwenye kabati la pupa, ambako kuna kioo kati yao na wadudu. Wakitaka kuishia hapo, wameona sehemu nzuri kuliko zote.

Kuna ndege wadogo wanakimbia chini ya majani. Wameingia kwa bahati mbaya?

Hao ni kware wadogo, na ni wafanyakazi wenzetu. Hula sisimizi, buibui na wadudu wa ardhini. Hatuwezi kunyunyiza sumu humu, kwa hiyo wadudu waharibifu wa mimea huliwa na wadudu wengine, kama bibiarusi, kale kadudu kekundu kenye madoa meusi, na majani huoshwa kwa maji.

Naweza kununua pupa mmoja niende naye nyumbani?

Aina hizi za kigeni, hapana. Vibali ni vya nyumba, si vya mgeni.

Kwa nini kuna milango miwili na kioo kikubwa cha kujitazamia pale pa kutokea?

Milango miwili ni ili mmoja usifunguliwe mpaka mwingine ufungwe. Nyumba nyingi huweka feni inayopuliza hewa kuelekea ndani. Kioo ni cha kukagua abiria. Vipepeo hupenda migongo, kofia za majaketi, mikoba iliyo wazi na nywele ndefu, na mtu habebi uzito wowote wa kumwambia kwamba hayuko peke yake. Geuka polepole, mtazamaji mwenzako akukague mgongo, kunjua kofia ya jaketi, chungulia ndani ya mkoba. Ukimkuta, usimpanguse kwa mkono. Simama pale pale ulipo, bado ukiwa ndani ya mlango wa kwanza, na umwite mhudumu aje na karatasi yake.